Masikio Chini ya Bati

Asubuhi ile Mama Kissa hakuleta chapati kituoni, na Gwakisa akalichukua jambo hilo kama ugomvi wa nyumbani kwake.

"Siku mto umefura hivi ndiyo siku ya kufunga genge?" alinung'unika, akizunguka chumba cha mitambo na kikombe cha chai mkononi. "Mtu asimamie lango zima la mto na tumbo halina kitu?"

"Yuko msibani," Tusekile alimjibu bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Mzee Mwakabungu alifariki juzi. Kijiji kizima cha Kapwili kiko msibani."

"Mwakabungu? Yule aliyesema lango langu linakoroma?" Gwakisa akaketi. "Basi. Mungu ampumzishe. Chapati nimesamehe."

Dokta Tusekile Mwaipaja alikuwa na mwaka wa pili katika kituo kile cha Mto Kalambwe, pale mto unapotoka kwenye milima ya Rungwe na kuingia tambarare ya mpunga kuelekea Ziwa Nyasa. Kwa vyeti alikuwa mtafiti wa baada ya uzamivu, cheo ambacho mama yake alishindwa kuwaeleza majirani, akaamua kuwaambia tu kwamba binti yake bado anasoma. Kwa kazi alikuwa mlezi wa Mizani, akili mnemba iliyofundishwa kusikiliza mvua.

Kusikiliza, siyo kuangalia. Setilaiti huliona wingu kutoka juu, haijui kama chini yake kuna manyunyu au kuna balaa. Bati linajua. Mtoto yeyote aliyekulia nyanda hizi, akiwa amelala, anaijua mvua ya kujifunika shuka na mvua ya kuamka kuinua magunia. Alichofanya Tusekile ni kubandika kisahani kidogo, upana wa kifuniko cha soda, chini ya bati la kila nyumba iliyokubali, kuanzia vijiji vya mlimani hadi bondeni. Watu wakaviita masikio. Mabati yote yakilia kwa pamoja, Mizani alijua mto utafika wapi na lini, hata kama huku chini jua linawaka na watu wameanika mpunga.

Siku ile jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa mlimani.

"Alama nyekundu itafikiwa ndani ya saa moja," Mizani alisema kwa ile sauti yake ya mtu asiyejua njaa. "Lango la Ibungula litafunguka lenyewe. Watu walioko Ibungula: sifuri."

"Safi," alisema Gwakisa. Mama yake alikuwa anakaa mjini, nyumba ya tatu kutoka ukuta wa mto, na tangu alfajiri Gwakisa alikuwa amempigia simu mara tatu kumwambia apandishe kuku juu ya kabati. Lango likifunguka, maji yangemwagika Ibungula na ukuta wa mjini ungepumua.

Ibungula ilikuwa kijiji hapo zamani. Mafuriko yalipozidi, watu wake walihamishiwa Kapwili, juu kwenye mwinuko, wakapewa nyumba na viwanja, na bonde lao likaandikwa kuwa shamba la kupokea maji. Kulima kuliruhusiwa. Kulala marufuku, kujenga marufuku, kuzika marufuku, na aliyekiuka alinyang'anywa kiwanja chake cha Kapwili. Nyumba za zamani zilibaki zimesimama, eti ghala za majembe, na masikio yake yalibaki chini ya mabati.

Moja kati ya masikio hayo ndilo lililomkera Tusekile. Mizani alikuwa ameliwekea alama ya ubovu tangu asubuhi, akalitoa kwenye hesabu zake. Tusekile alilifungua kwa mazoea tu, kama mtu anayepangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Sikio halikuwa bovu. Lilikuwa linaripoti neno lilelile tena na tena, lile la kelele nyingine chini ya bati: siyo mvua, siyo mvua, siyo mvua.

Akatazama ni nyumba ya nani. Mwakabungu.

Akatazama Kapwili. Msiba wa mtu mzito kama yule ungejaza kila baraza, masikio ya Kapwili yangekuwa yanalalamika siyo mvua mtaa mzima. Yalikuwa kimya. Hata jogoo hakuwika.

Tusekile akachukua simu akampigia Mama Kissa. Haipatikani. Akampigia katekista wa Kapwili. Haipatikani. Akampigia mwenye nyumba aliyewahi kumpangisha. Haipatikani. Mnara wa simu ulikuwa mzima, Gwakisa alikuwa ametoka kuongea na mama yake sasa hivi. Kijiji kizima hakizimi simu siku moja kwa bahati mbaya. Kinazima kwa sababu simu humwambia Mizani mwenye simu yuko wapi.

"Gwakisa," alisema. "Wameshuka kumzika kwao."

*

Gwakisa hakubisha kwamba inawezekana. Alikuwa Mnyakyusa, alijua mtu huzikwa wapi. Alibisha mengine.

"Una uhakika?"

"Sina."

"Mizani hasimamishi lango kwa hisia zako, Dokta. Anataka ushahidi wa watu. Simu zimezimwa. Daraja la kwenda huko limefunikwa tangu saa mbili, kwa hiyo mimi na pikipiki yangu hatufiki. Nikilishikilia lango kwa mkono bila sababu, ukuta wa mjini hautavumilia muda mrefu. Na unajua nani yuko nyuma ya ukuta."

"Najua."

"Nyumba ya tatu, Dokta."

"Najua, kaka."

Kulikuwa na njia ya kupata ushahidi, na Tusekile alikuwa ameikalia tangu alipotaja jina la Mwakabungu kimoyomoyo. Ndani ya kila sikio kulikuwa na chujio. Sauti yoyote isiyo ya mvua ilitupwa palepale chini ya bati, haikusafiri, haikuhifadhiwa, ikabaki ile alama tu ya siyo mvua. Chujio hilo alilitengeneza yeye. Na kwa kuwa mashine huharibika, alijiwekea ufunguo wa kulifungua. Hakuwahi kuugusa.

Hakuwahi kuugusa kwa sababu ya mkutano mmoja pale Kapwili, mwaka wake wa kwanza, watu wamekaa kwenye madawati ya kanisa wakimtazama kama mtu aliyekuja kuuza dawa ya meno. Nani atakubali sikio juu ya kitanda chake? Wakati ule aliapa. Alisema, nikisikia neno moja la mtu, njooni mniondoe kwa fimbo. Watu walicheka, lakini hakuna aliyekubali, mpaka Mzee Mwakabungu aliposimama, mrefu, mkongojo mkononi, akasema yeye atalipokea la kwanza, kule bondeni na hapa juu pia. "Tunakupa bati, mwanangu," alimwambia. "Maneno yetu yanabaki yetu." Baada ya hapo walipanga foleni.

Akifungua chujio amevunja kiapo kwa mtu ambaye hajazikwa bado, msibani kwake. Na si kiapo tu. Atakuwa amewakamata wakivunja sheria, na kiwanja kinaweza kwenda. Kesho nani, mlimani au bondeni, ataacha sikio likae? Watang'oa masikio yote, na watakuwa na haki, na mvua ya mwakani itamkuta Mizani kiziwi. Asipofungua, na watu wapo, basi hakuna mwakani ya kujadili. Tusekile alijiona mwongo pande zote mbili, na saa ilikuwa inakwenda.

"Nasikiliza," alisema.

Gwakisa akaweka kikombe chini. "Sikuoni," alisema, akageukia ukuta. Ilikuwa ndiyo njia yake ya kumuunga mkono.

Alifungua.

Kwanza kulikuwa na nzi. Halafu chumba kikajaa watu. Wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa maziko, taratibu, wale wa nyuma wakichelewa nusu pumzi kama wachelewavyo siku zote. Mtoto alikuwa anaomba maji. Wanaume wawili walikuwa wanabishana kuhusu kaburi, kwamba chini kumeanza kutoa maji na bora waongeze kina upande wa kichwani. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba shemeji yake amekuja msibani na mikono mitupu kama alivyokuja harusini. Tusekile akafumba macho. Walikuwa wengi, wengi mno, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na hofu, maana kwao anga lilikuwa jeupe.

"Mungu wangu," alisema Gwakisa, akiwa bado ameutazama ukuta.

Tusekile akamwandikia Mizani asimamishe lango. Mizani akauliza sababu. Akaandika: kuna watu Ibungula. Mizani akauliza chanzo. Vidole vilisita hapo. Angeweza kuandika kwamba alipigiwa simu, kwamba mpita njia alisema. Akaandika: nimesikiliza, mimi, kwa ufunguo wangu. Mizani akauliza idadi. Akaandika wengi. Mizani akasema nafasi hiyo inapokea tarakimu tu. Tusekile akamwekea tarakimu ya kuwatosha Kapwili wote pamoja na wageni wao.

"Lango limesimamishwa," alisema Mizani. "Ukuta wa mjini utahimili dakika arobaini baada ya alama nyekundu. Baada ya hapo siwezi kuahidi."

Sasa kuwasimamisha wale. Sikio halina mdomo. Lakini kila mwezi masikio hujipima: kisahani kilekile kinachosikia hujitetemesha na kuligonga bati, kisha husikiliza jibu lake, kujua kama misumari imelegea. Watu walikwisha kuzoea mlio huo, kama kifundo cha kidole mlangoni. Tusekile akatafuta amri ya kujipima, akaibonyeza.

Ko.

Wimbo uliendelea. Akabonyeza tena, na tena, bila mpangilio, kama mtu aliyefungiwa nje. Ko. Ko ko. Wimbo ukapungua sauti, ukakatika.

"Ni yeye," alisema mwanamume mmoja, na sauti yake haikuwa ya kishujaa. "Mzee hataki. Hajaridhika na kaburi."

"Mume wangu hakuwa mtu wa kugonga," ilijibu sauti ya mwanamke mzee. "Alikuwa anaingia tu." Tusekile aliitambua. Mama Ambwene, mjane. Kisha alimsikia akisogea, miguu ikiburuzika sakafuni hadi chini kabisa ya sikio. "Hicho ni kile kidude cha yule binti wa Mwaipaja. Aliyetuapia kwamba hasikii."



"Binti," alisema Mama Ambwene, sasa akiliongelesha bati. "Kama unanisikia, gonga mara mbili."

Hapo ndipo Tusekile alipoona kwamba kusikiliza kulikuwa kazi nyepesi. Mtu anaweza kusikiliza na asijulikane. Kujibu ni kusimama katikati ya msiba wa watu na kusema, ndiyo, nilidanganya. Alitamani kugonga hovyo tena, waogope tu, wakimbie tu. Lakini wangekimbilia upande gani?

Akagonga mara mbili.

Pumzi ya watu wengi ilisikika ikiingia.

"Haya," alisema Mama Ambwene. "Kumbe unasikia." Hakupandisha sauti, na ndiyo maana iliuma. Kisha akasema, "Hapana ni mara moja. Ni maji?"

Ko ko.

"Yako karibu?"

Ko ko.

"Tuna muda wa kumzika kwanza?"

Ko.

Minong'ono ikapanda. Mmoja wa wale wa kaburini akasema shimo limekwisha, ni kumteremsha tu, ni dakika chache, mtu hawezi kurudishwa akiwa mlangoni kwake. Wengine walimuunga mkono. Tusekile aligonga mara moja. Wakaendelea kubishana. Akagonga tena mara moja, akangoja, akagonga tena, na machozi ya hasira yalikuwa yanamtoka sasa, maana alimpenda yule mzee na alikuwa anamfukuza kwake.

"Ametukatalia," alisema Mama Ambwene. "Na hajatukatalia kwa uzuri, anagonga kama mwendawazimu. Inueni jeneza. Ambwene, shika mbele. Tunapanda Kapwili, na mtoto asiachwe. Huyu mzee alikuwa akisema kule juu siyo kwao kwa sababu hakuna kaburi lao hata moja. Basi litakuwepo."

*

Mto ulifika alama nyekundu wakati sauti za miguu bado zinatoka nje ya ile nyumba. Gwakisa alisimama kwenye mshikio wa lango, mikono ameifungia kwapani kama mtu anayesikia baridi, ili isifanye jambo bila yeye. Simu yake iliita mara moja. Alitazama jina, akapokea.

"Mama, panda kabatini na wewe," alisema, akakata.

Walingoja. Mizani alitaja dakika zilizobaki bila kuulizwa, mpaka Gwakisa akamwomba anyamaze, na Mizani, ambaye hakufundishwa kuombwa, akaendelea. Kwenye kioo cha kompyuta, ukuta wa mjini ulianza kutoa jasho la maji katika sehemu mbili. Ibungula, wimbo ulikuwa umeanza upya, nje, ukienda mbali. Kisha mlango ukafungwa, kwa ufunguo, kama mtu anayekwenda sokoni na atarudi. Na karibu kabisa na sikio, sauti ya Mama Ambwene, akihema:

"Nimekuwa wa mwisho. Hakuna mtu humu. Subiri tupande kidogo, ndiyo mfungue maji yenu."

Tusekile alirudisha chujio palepale. Hakutaka kusikia zaidi hata pumzi moja.

Na sasa hakuhitaji. Alibaki kuitazama Kapwili iliyo kimya, paa baada ya paa. Ukuta wa mjini ukatoa jasho sehemu ya tatu. Gwakisa alikuwa anaomba, au anatukana, midomo ilikuwa inakwenda tu. Kisha nyumba ya pembeni kabisa, ile inayotazama njia ya bondeni, ikawaka alama. Siyo mvua. Ya jirani yake ikafuata. Siyo mvua. Halafu mtaa mzima, halafu kanisa, alama juu ya alama, watu wakiingia, wakilia, wakiburuza viti, wakiita watoto kwa majina.

"Taarifa," alisema Mizani. "Masikio yote ya Kapwili yameharibika kwa wakati mmoja."

Gwakisa alicheka mpaka akashika ukuta. Tusekile alikuwa anacheka pia, huku kamasi zinamtoka, na hakujali.

"Fungua," alisema.

Lango la Ibungula lilipanda likikoroma, kweli linakoroma, Mzee Mwakabungu hakukosea. Maji mekundu yakatanda bonde lote, yakaingia mpungani, yakapanda kuta za nyumba za zamani hadi kwenye mashimo ya madirisha na kupita. Ukuta wa mjini ukakauka jasho. Sikio la nyumba ya Mwakabungu liliripoti siyo mvua kwa mara ya mwisho, kisha likazimika, na kwa mara ya kwanza siku ile Tusekile alikumbuka kwamba hajala.

*

Daraja lilipofunguka, alikwenda Kapwili. Barua ya kamati ya maadili ilikuwa imekwisha kumfikia, ikimtaka ajieleze kuhusu ufunguo, na alijua atajieleza kwa ukweli na kwamba huenda Mizani akapewa mlezi mwingine. Hilo lilimuuma kidogo tu. Alichokiogopa ni ile njia ya kuingilia kijijini. Ufunguo wenyewe aliuchukua, uko mfukoni, kipande cha plastiki kisichotisha mtu.

Kaburi lilikuwa nyuma ya kanisa, udongo bado mbichi, la kwanza Kapwili. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani kwa Mama Ambwene. Waliponyamaza, alijua wamemtambua. Alivua viatu, akapiga magoti mbele ya mjane.

"Nimekuja kusema mwenyewe, mama. Niliwasikiliza. Niliapa sitafanya, na nilifanya." Alitoa ufunguo akauweka mkekani. "Huu ndio unaofungulia. Hakuna mwingine. Kaeni nao nyinyi. Na mkitaka kuyang'oa masikio, nitapanda juu kuwasaidia."

Mama Ambwene aliugeuza ufunguo kwenye kiganja, akaunusa kama mtu anayekagua samaki, akautia kwenye fundo la khanga.

"Ulisikia yote?"

"Sehemu, mama."

"Lile la shemeji yangu?"

Tusekile akainamisha kichwa. "Nililisikia."

"Hilo hukulisikia," alisema Mama Ambwene, na mikeka yote ikaangua kicheko, kicheko cha msibani, cha kufunika mdomo. Kisha uso wake ukarudi. "Nilikasirika, mwanangu. Bado nimekasirika kidogo, itakwisha. Mpaka Ambwene aliponiuliza jana: mama, kwetu mtu akisikia kilio hufanya nini? Nikamwambia, huja. Hata kama ni adui, hata kama hakualikwa, akisikia kilio anaacha jembe anakuja. Wewe ulisikia kilio chetu. Ukagonga mlango. Hukuja hivyo?"

Tusekile alilia pale, mbele yao wote, kwa sauti, kwa ajili ya mzee mrefu mwenye mkongojo na kwa ajili ya wale wote waliokuwa wakimtazama wakiwa hai. Wanawake walimsogezea nafasi. Mama Kissa alimvuta mkono akamketisha, akamwekea mbele sahani ya bati iliyojaa wali wa Kyela na kipande cha nyama ambacho hakikuwa cha mgeni, kilikuwa cha mtu wa nyumbani.

"Kula. Yule wa lango naye mwambie chapati zake ziko hapa, aje azifuate kwa miguu yake."

Alikula kwa njaa ya siku nyingi. Juu ya baraza, chini ya bati, kisahani kilikuwa palepale kilipokuwa, na hakuna aliyekiangalia.

"Siku ya arobaini utakuja?" aliuliza Mama Ambwene.

Mdomo ulikuwa umejaa wali. Tusekile akainua kifundo cha kidole, akagonga ukingo wa sahani mara mbili.